Mwanagenzi wa taekwondo asivalishwe hogu kabla hajajua umbali

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo kuhusu taekwondo, kwa kuwa wazazi wengi sasa wanawapeleka watoto wao huko na vijana waliomaliza shule wanajiandikisha wenyewe. Jambo lenyewe ni kyorugi, yaani pambano la watu wawili, ambalo vijana wamezoea kuliita sparingi. Katika vilabu vingi mwanagenzi wa mkanda mweupe anavalishwa hogu, ile kinga ya kifua, wiki ya tatu au ya nne, anasimamishwa katikati ya ukumbi mbele ya mtu wa mkanda wa bluu, kisha anaambiwa apambane. Anapigwa, anafumba macho, anageuza mgongo, na wiki inayofuata haji. Wenzake wanasema mwoga huyo. Si mwoga. Hakufundishwa umbali, basi.

Wakorea, ambao mchezo ni wao, hawakuupanga hivyo. Jina taekwondo lilipitishwa mwaka 1955, na Kukkiwon, makao makuu yake jijini Seoul, yalifunguliwa mwaka 1972. Katika mtaala wao pambano huru linatanguliwa na machuo kyorugi, yaani pambano la kupangwa. Kwenye seboni kyorugi mshambuliaji anaingia hatua tatu na ngumi tatu. Mwenzake anarudi nyuma hatua tatu, anakinga mara tatu na kujibu mara moja. Ikija hanboni kyorugi, shambulio ni moja na jibu lake moja. Wafuasi wa ITF, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1966, wana sambo matsogi, ibo matsogi na ilbo matsogi: hatua tatu, mbili, moja. Majina yanatofautiana lakini ngazi ni ile ile. Anayeshambulia na anayekinga wote wanajua kinachokuja, kwa hiyo akili inapata nafasi ya kupima.

Kosa la vilabu vyetu si kuacha hanboni kyorugi. Wengi wanaifundisha, tena vizuri, kwa sababu inaulizwa kwenye mtihani wa mkanda. Kosa ni kudhani kwamba anayeiweza yuko tayari kwa pambano huru. Kwenye hanboni mshambuliaji anapiga ngumi moja kisha anaganda kama mti, akisubiri ajibiwe. Kwenye pambano huru hakuna anayeganda, na silaha kubwa si ngumi bali mguu, ambao ni mrefu kuliko mkono na unatokea chini, mahali ambapo macho ya mgeni hayaangalii. Kati ya mambo hayo mawili kuna mto mpana, na daraja lake ndilo tunaloliandikia barua hii. Wiki 8 zinatosha kulivuka kwa mtu anayefika mazoezini mara tatu kwa wiki.

Wiki mbili za mwanzo hakuna teke kabisa. Mwanafunzi anajifunza kusimama kwa ajili ya kyorugi, na msimamo huu si ule mrefu wa kuzama anaoutumia kwenye pumse, yaani mfululizo wa miondoko anaoufanya peke yake. Miguu iachane zaidi kidogo ya upana wa mabega, uzito uwe nusu kwa nusu, visigino viwe vyepesi kiasi cha kupitisha karatasi chini yake, mwili ukae ubavu, mikono juu na ngumi zisikazwe. Akikaa na uzito wote mguu wa nyuma, hawezi kuondoka haraka; akiuweka wote mbele, mguu huo hauwezi kupiga. Kisha ateleze mbele, ateleze nyuma, abadilishe miguu papo hapo, atoke kwa pembeni. Mguu usivuke mwingine. Raundi 3 za dakika 1, mkabala na mwenzake anayefuata kila anachofanya kama kivuli, zitamtoa jasho kuliko anavyofikiri.

Katika wiki hizo hizo kuna mchezo wa kugusa bega. Wawili wanasimama, kila mmoja anajaribu kumgusa mwenzake bega kwa kiganja bila kuguswa yeye. Dakika 1, pumziko, dakika 1 tena. Watoto wanaupenda mno. Kinachofundishwa hapo ni kitu ambacho maneno hayafundishi: ukisogea kabla ya kutaka kugusa, mwenzako anakuona, ukigusa bila kusogea, hufiki.

Halafu umbali wenyewe. Upimeni kwa mguu, msiupime kwa macho. Mwanafunzi ainue mguu wa nyuma polepole, auzungushe hadi mgongo wa wayo uguse mwili wa mwenzake usawa wa mbavu, goti likiwa limebaki limekunjika kidogo. Ashushe mguu, aurudishe nyuma ulikotoka. Pale aliposimama sasa pawekwe alama ya chaki sakafuni. Huo ndio umbali wake wa teke. Nusu hatua nyuma ya chaki, hakuna teke linalomfikia mtu bila kusogea kwanza. Nusu hatua mbele ya chaki, mguu hauna nafasi ya kunyooka. Vifua vinakaribia kukutana na teke linakufa katika paja. Akibadilisha mwenza, apime upya, maana mwenye miguu mirefu ana chaki yake nyuma zaidi. Hili ndilo linalowashangaza wageni wengi: wewe hujafika kwake, yeye ameshafika kwako.

Na hapa ndipo tunapoona wageni wakiumia. Mgeni husimama juu ya chaki ile ile, katikati, akiwaza afanye nini. Hapo ni mahali pa kupita, si mahali pa kukaa. Mpiganaji aliyefundishwa yuko mbali, au yuko karibu kabisa amebanana na mwenzake. Katikati anapita wakati wa kupiga tu, kisha anatoka au anaingia. Mwalimu akisimama pembeni ya ukumbi na kusema neno "umetulia wapi?" kila anapomwona mtu amezubaa juu ya chaki, mwezi hautaisha kabla wanafunzi hawajaanza kulisema wenyewe kimoyomoyo.

Wiki ya tatu na ya nne ni za teke moja, dollyo chagi, teke la mzunguko. Mgeni hahitaji zaidi ya hilo kwa miezi yake ya kwanza. Goti linapanda kwanza, limeelekea mbele, mguu umekunjwa kabisa kisigino kikikaribia tako. Ndipo mguu wa kusimamia unazunguka juu ya sehemu ya mbele ya wayo mpaka kisigino kimtazame mpinzani. Nyonga inageuka, goti linafunguka, mgongo wa wayo unatua, na mguu unarudi kukunjika kabla haujashuka. Vidole vinyooshwe mbele kama vya mtu anayesukuma pazia kwa mguu. Asipozungusha mguu wa kusimamia, mzunguko wote unaishia kwenye goti, na maumivu ya upande wa ndani wa goti baada ya mazoezi yanatokana na hilo mara nyingi. Asipopandisha goti kwanza, mguu unakuja kwa nje kama fagio. Unaonekana kutoka mbali, na unakutana na kiwiko.

Kiwiko ndicho adui wa mguu wa mgeni. Vidole vilivyovimba na mifupa midogo ya wayo inayouma ni malalamiko ya kila klabu, na sababu yake si ugumu wa mwenzake bali ni kupiga upande uliofungwa. Tufafanue. Wewe na mwenzako mkiwa wote mmetanguliza mguu wa kushoto, tumbo lake liko upande wa mguu wako wa mbele. Ukipiga kwa mguu wa nyuma unakuta kiwiko, bega au mgongo. Hapo tumia mguu wa mbele. Mmoja akitanguliza wa kushoto na mwingine wa kulia, matumbo yanaelekea upande mmoja, na sasa mguu wa nyuma una njia nyeupe. Mwanafunzi afundishwe kutazama miguu ya mwenzake kabla ya kila zoezi na kutamka kwa sauti: "imefungwa" au "iko wazi". Ndani ya wiki moja ataacha kutamka kwa kuwa atakuwa anaona.

Teke hili lipigwe kwenye pedi ndogo ya mkono yenye umbo la kasia, mara 10 kila mguu, seti 3, huku mshika pedi akisogea mbele na nyuma ili mpigaji arekebishe umbali kila mara. Pedi iliyosimama tuli inamzoesha mpigaji kupiga mti. Mshika pedi naye asiishike mbele ya uso wake.

Kuanzia wiki ya tano hogu ivaliwe. Mfungaji awe mtu mwingine, kamba zipishane mgongoni na kukazwa kiasi kwamba kiganja kinapita kwa shida. Hogu kubwa kuliko mwili inapanda mtu akikunja goti, na ukingo wake wa juu unamgonga kidevu. Kofia ya kinga, kinga za mikono, kinga za ugoko, kinga ya meno, na kinga ya sehemu za siri inayovaliwa ndani ya doboki, ile sare ya mazoezi: vyote vivaliwe hata kwa zoezi jepesi. Klabu isiyoweza kununua seti 20 inunue seti 4 na watu wapokezane. Kinga ya meno peke yake haipokezani. Kila mtu na yake, ile ya kulainisha kwenye maji moto na kuiuma ichukue umbo la meno yake. Na kofia zikauke juani kabla ya kupewa mwingine, kwa kuwa mapunye na fangasi nyingine za ngozi hupita humo humo.

Zoezi la kwanza la hogu watu wengi hawalifanyi, nasi tunaliona kuwa la lazima kuliko yote. Mwanafunzi anasimama akutane na mateke 10 ya dollyo kwenye hogu, ya polepole, nguvu kama ya mtu anayebisha hodi mlangoni. Hakingi, harudi nyuma. Kazi yake ni mbili: macho yabaki wazi yakitazama kifua cha mwenzake, na pumzi itoke kwa sauti fupi kila teke linapotua. Kifua ndicho kinachotangulia kusema. Uso unadanganya na mguu ukiutazama umeshachelewa. Akifumba macho teke lile halihesabiwi, linarudiwa. Kufumba macho na kugeuza mgongo ni maumbile ya mwili, hakuna wa kulaumiwa, lakini mgongo ukigeuzwa teke linatua kwenye uti, mahali ambapo kanuni haziruhusu kupigwa na ambapo hogu haisaidii sana. Ndiyo maana tabia hii iondolewe kwa mateke mepesi kabla hayajaja mazito.

Baada ya hapo pambano linaachiliwa kidogo kidogo. Kwanza mmoja ndiye anayeshambulia kwa dakika 1, na anaruhusiwa dollyo ya tumbo tu, mwenzake anatembea. Wabadilishane. Siku nyingine anayeshambuliwa aruhusiwe jibu moja, mara baada ya teke la mwenzake kupita, kabla mguu haujagusa chini. Kisha wote wawili waruhusiwe, teke moja kwa zamu, halafu mawili. Wiki ya 8 wakipewa raundi 2 za dakika 1 bila zamu, bado bila teke la kichwa, utaona mbele yako watu wanaopigana kweli na kucheka baada yake.

Makosa yatakayojitokeza hapo yanajulikana. Mikono inaanguka kila mguu unapopanda kwa sababu mwili unatafuta mizani. Mwambie ashike kola ya doboki yake kwa mikono yote miwili wakati wa kupiga pedi hadi mwili uzoee kujisawazisha kwa nyonga. Mgeni akishambuliwa anarudi nyuma moja kwa moja, na teke la pili linamkuta, kwa kuwa anayekuja mbele ana kasi kuliko anayerudi. Hatua moja nyuma inatosha. Ya pili iwe ya pembeni. Tena anapiga teke moja na kusimama kulitazama limefika wapi. Mguu ukitua mbele baada ya teke yuko tayari kwenye umbali wa mwenzake, basi ama apige tena au aingie abanane. Na pumzi: mgeni anaibana tangu anaposikia shijaki, amri ya kuanza, na baada ya sekunde 30 mikono imekuwa mizito kama amebeba ndoo. Ukelele wa kihapi haukuwekwa kwa ajili ya kutisha watu. Unafungua mapafu.

Tuseme na juu ya mwenza, maana hapa walimu wenzetu wengi wanakosea kwa nia njema. Wanawapanga wageni wawili pamoja wakidhani ndiyo haki. Wageni wawili ndio jozi ya hatari kuliko zote ukumbini: hakuna anayeweza kupunguza nguvu, na mmoja akiguswa vibaya analipiza kwa mwenzake. Mwenza wa kwanza wa mgeni awe mtu wa mkanda mwekundu au mweusi aliyethibitika kuwa na mguu mpole, anayeweza kuupeleka kwa kasi na kuusimamisha kwenye kitambaa. Kama klabu haina mtu wa namna hiyo, mwalimu mwenyewe avae hogu. Na asikae mbali akibonyeza simu yake. Asimame kati yao, neno kalyo, yaani achaneni, likiwa tayari mdomoni.

Teke la kichwa lisubiri. Tunajua vijana wanalitamani, na tunajua sababu. Katika kanuni zilizotumika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, ngumi ya kifua ilikuwa pointi 1, teke la kiwiliwili pointi 2, la kichwa 3, teke la kuzunguka kwa mwili mzima (si dollyo) kwenye kiwiliwili 4, na la kuzunguka kichwani 5. Raundi 3 za dakika 2, mshindi wa raundi 2 ndiye mshindi wa pambano. Waliomtazama Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast mwaka 2016 mjini Rio hawamsahau: alikuwa nyuma ya Lutalo Muhammad wa Uingereza katika fainali ya kilo 80, akazungusha teke la kichwa saa ikiwa imebaki na sekunde moja, akashinda 8 kwa 6 na kulipatia taifa lake dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ni teke zuri sana. Lakini lilipigwa na mtu aliyekuwa amekwisha kuujua umbali kama ajuavyo mlango wa nyumba yao. Mgeni anayerusha mguu kichwani anaegemeza mwili nyuma, anateleza kwenye sakafu ya saruji na kuanguka kwa kisogo. Yeye ndiye anayeumia, si aliyelengwa. Kumbi zetu nyingi ni za saruji. Bila mikeka ya sponji inayoshikana, teke la kichwa lisiruhusiwe hata kwa mkanda wa kijani.

Na mtu akipigwa kichwani, akaona nyota, akachanganyikiwa au akatapika, mazoezi yake yameisha siku hiyo, hata akisema yuko salama. Aende hospitali akiwa na mtu. Kanuni za shirikisho la dunia, World Taekwondo, zinamzuia mchezaji aliyezimishwa kwa pigo la kichwa asirudi mashindanoni kwa siku 30. Klabu ya mtaani isiwe na roho ngumu kuliko shirikisho.

Kanuni za adhabu pia zifundishwe mapema, kabla mwili haujazoea vibaya. Kuanguka, kutoka nje ya mstari, kushika, kupiga chini ya kiuno, kupiga ngumi ya uso, kuinua mguu hewani zaidi ya sekunde 3 ili kumzuia mwenzako asiingie: kila moja ni gamjomu, na kila gamjomu inampa mpinzani pointi 1. Zikifika 5 katika raundi, raundi imepotea. Tumewaona wachezaji wenye mateke mazuri wakishindwa bila kupigwa, kwa kurudi nyuma hadi nje ya mstari tu. Ukumbini kuchorwe mstari, hata wa chaki, wa uwanja wa pembe nane wenye upana wa mita 8, au mdogo zaidi kama nafasi hairuhusu, na mgeni auzoee mgongoni mwake.

Wazazi, mkienda kuandikisha mtoto, ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa ada: ataanza kyorugi baada ya muda gani, atapambana na nani mara ya kwanza, na kofia zipo ngapi. Mwalimu anayefanya kazi yake hatakasirika.

Kwa viongozi wa vyama vya mchezo huu tuna ombi moja. Mashindano ya mikoa yanaweka mikanda myeupe na ya njano kwenye kundi la watu wazima wenye kanuni kamili. Tunaomba wapewe kundi lao: raundi 2 za dakika 1, kiwiliwili pekee, teke la kichwa likihesabiwa gamjomu badala ya pointi, na mwamuzi aruhusiwe kusimamisha kwa kila teke lenye nguvu kupita kiasi. Haihitaji kifaa kipya wala fedha. Inahitaji ukurasa mmoja kwenye kanuni za mashindano, na unaweza kuandikwa kabla ya msimu ujao.

Walimu wa taekwondo,
Dar es Salaam